Alama Sita za Adabu

Kila siku ya Mungu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Stumai huzungusha ufunguo wa chumba chake kutoka ndani, hufungua mlango, husimama kizingitini na kutangaza, "Kumekucha." Hapo ndipo siku inapopata ruhusa ya kuanza. Baba yake, Mbaraka Shemndolwa, alikwisha kuzoea kukaa mezani na kikombe cha chai ya tangawizi akilingoja tangazo hilo, na mara moja tu Stumai alipolala na homa asilitoe, mzee mzima alishinda kutwa nzima akiwa hajielewi.

Jumatatu ile neno lilitoka kwa wakati wake.

"Kumekucha."

"Kumekucha, mwanangu," alijibu Mbaraka. Stumai alipita mbele yake macho yakiwa sakafuni, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha siku zote, kile kinachotazama ukuta.

Zena, mlezi wake, alikuwa jikoni anapoza uji. Aliumimina kutoka kikombe hiki kwenda kile, akautia kidole, akaumimina tena. Usimwone mwendawazimu. Miaka mitatu nyuma Stumai alikunywa uji ulioepuliwa saa ile ile, akaumaliza, akasema ahsante, na Zena hakujua chochote mpaka alipoona ngozi ya mdomo imebanduka. Maumivu humfikia Stumai yakiwa yamechelewa sana, na njaa haimfikii kabisa. Akiachwa peke yake na kamba zake, atazisuka tangu asubuhi hadi aanguke, na akiulizwa kwa nini hakula atasema hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo Zena ndiye njaa yake, ndiye kiu yake, ndiye anayemwambia jua limekuwa kali rudi ndani. Miaka kumi na moja sasa.

"Leo ni kipimo," alisema Stumai.

"Ndiyo. Saa nne."

"Nikiwa juu ya mstari, Zena anaondoka."

"Baada ya siku thelathini," alisema Mbaraka. "Ndiyo sheria."

"Nikiwa chini ya mstari, ufunguo unaondoka."

Mbaraka alikizungusha kikombe chake mezani. Ufunguo wenyewe ulikuwa shingoni mwa binti, umening'inia kwenye ugwe wa katani aliousuka mwenyewe kwa nyuzi tisa, laini kama utepe.

"Mimi nataka Zena," alisema Stumai. "Na nataka ufunguo."

"Hakuna hivyo, mwanangu."

"Kwa nini hakuna?"

Jikoni, vikombe viliacha kugongana. Zena alitoka na uji, akauweka mezani, akasimama naye kusikiliza jibu. Na Mbaraka, mpimaji wa miaka thelathini, mtu aliyefundisha wapimaji wa wilaya tano, mtu ambaye picha yake ilikuwa imetundikwa kwenye ukumbi wa Kituo cha Mstari pale Korogwe, alimsogezea binti kikombe. Alisema, "Kunywa uji, utapoa," na uji ulikuwa umekwisha kupoa.

* * *

Huo mstari tuuseme, maana ndio uliokula watu.

Zamani sana madaktari walikuwa na majina mawili. Kulikuwa na usonji, na kulikuwa na Aspaga. Mtoto asiyesema waliita hivi, na mtoto anayesema sana lakini hajui kucheza na wenzake waliita vile. Baadaye wakayaunganisha majina, wakasema jamani, hii ni hali moja yenye sura nyingi, na mtu mmoja anaweza kuwa hodari asubuhi na hoi jioni, kwa hiyo tusiwakate watu vipande. Watu wakaishi na maneno hayo miaka mingi. Halafu likaja taji.

Taji ni bangili kubwa ya kichwani, nyepesi, yenye shanga arobaini zinazosikiliza ubongo na kutazama macho. Mtu akitimiza miaka kumi na minane huvalishwa, huketishwa na mpimaji, wakazungumza robo saa, basi. Mwisho wake taji hutoa namba, kuanzia sifuri hadi mia. Wakubwa walipoona namba, wakapata kichaa cha namba. Sura nyingi haziingii kwenye fomu, namba inaingia. Wakachora mstari kwenye sitini na kuutungia sheria; ambaye hajapimwa bado huachiwa vyote, mlezi wake na mlango wake.

Aliye juu ya sitini ni Aspaga, jina lile lilifufuliwa likarudi. Aspaga ni mtu kamili: anaajiriwa, anaoa au kuolewa, anatia sahihi, anafunga mlango wake. Na kwa kuwa ni mtu kamili, hahitaji mlezi, na mlezi anaondolewa. Aliye chini ya sitini ni Msonji. Msonji ana mlezi mpaka siku anayoingia kaburini. Ila hatii sahihi, hachagui pa kuishi, hafungi mlango kwa ndani, na kauli yake haiandikwi katika ofisi yoyote. Mmoja wamempa uhuru wakamnyima mkono wa kumshika. Mwingine wamempa mkono wakamziba mdomo. Na waliotunga haya walikwenda nyumbani wakalala usingizi mzito kabisa.

Sasa, taji lilitengenezwa mbali, na watu ambao kwao mtoto akiongea na mkubwa humkazia macho, na asipokaza huhesabiwa ana kasoro. Lilipoletwa huku, watoto walianguka chini ya mstari kama embe wakati wa upepo. Watoto wazima kabisa, waliofunzwa na mama zao kwamba ukitoa shikamoo unashusha macho! Mbaraka wakati huo alikuwa kijana, damu inachemka. Aliandika barua, akapanda ngazi za maofisi, akagonga meza za wakubwa. Alisema mashine haijui adabu, ifundishwe. Na akashinda. Sheria ikaongezwa kifungu: mtoto aliyefunzwa kushusha macho mbele ya mkubwa aongezewe alama sita. Ushahidi utolewe na mzazi kwa kiapo.

Watu waliziita alama za adabu. Walimbeba Mbaraka mabegani siku ile, na ndiyo picha iliyoko ukumbini.

Kosa lake hakuliona, na hata wewe usingeliona. Alikuwa ametunga swali ambalo hakuna mzazi wa pande hizi anayeweza kulijibu hapana. Hebu mwulize mama yeyote mbele ya watu, "Je, mwanao umemfunza adabu?" uone atakavyoinua shingo.

* * *

"Hodi hapa."

Ilikuwa saa tatu kasoro. Stumai alikuwa chumbani kwake anamalizia kamba, Zena anampigia pasi gauni. Mbaraka alipotoka barazani alimkuta Mama Abeid, kanga moja kiunoni na moja kichwani, ameshika kikapu kitupu, kikapu cha kisingizio.

"Karibu, mama. Karibu ndani."

"Sikai." Alikaa. "Nimesikia leo ni zamu ya binti."

"Ndiyo hivyo."

Mama Abeid aliutazama uwanja. Juu ya milima, vishada vya umeme vilikuwa vimekwisha kupandishwa, vile vikubwa vyenye upana wa nyumba, vinavyokula upepo wa Usambara na kuushusha chini uwe taa. Kila kimoja kimefungwa kwa kamba ndefu ya mkonge iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Siku hizi kamba imara kuliko zote ni ile ya mtindo wa Stumai, nyuzi tisa, fundo la kurudi. Karakana ya Tanga ilikwisha kumwandikia barua mara tatu, wanamtaka. Lakini wanataka mtu mwenye sahihi.

"Mwalimu Mbaraka," alisema Mama Abeid. "Siku ya Abeid wangu uliniuliza, umemfunza adabu? Unakumbuka nilijibuje?"

Mbaraka alikumbuka. Alikuwa anakumbuka kila asubuhi anaposwaki.

"Nilisema, 'Mimi? Mwanangu mimi? Muulize mtaa mzima!' Nikacheka na meno yote haya. Mtoto hajawahi kumtazama mtu tangu azaliwe, hata mimi nilipomnyonyesha alikuwa anatazama taa. Hakushusha macho kwa adabu, Mwalimu. Ndivyo alivyokuwa. Nami nilijua, najua mwanangu. Lakini ningesemaje hapana mbele ya wale watu wote kwenye benchi? Ningeambiwa nimeshindwa kulea."

"Mama Abeid, kosa halikuwa lako."

"Sikuja kugawana kosa." Sauti yake haikupanda. "Ukampa zile sita, akapata sitini na mbili. Tulipika pilau. Wakampa chumba chake na kazi ya kutunza vipimo vya maji, na kazi aliiweza, wenyewe walisema haijawahi kuwa na mtu kama yeye. Mlezi akaondoka. Sefu, kijana mzuri yule, aliondoka analia. Halafu jino likamuuma mwanangu. Jino, Mwalimu! Likaoza, usaha ukapanda. Wenzake kazini walimwona shavu limevimba siku nane. Wakamuuliza, 'Abeid, mzima?' Akajibu, 'Mzima,' maana ndivyo alivyofundishwa kujibu salamu."

Akakigeuza kikapu mapajani. Zena alikuwa amesimama mlangoni na pasi mkononi, machozi yanamtiririka bila kificho.

"Siku ya tisa hakuenda kazini," alisema Mama Abeid. "Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Ufunguo alikuwa nao yeye."

Aliinuka, akajipangusa kanga, akachukua kikapu chake. "Sikwambii cha kufanya. Wewe ndiye unayejua sheria. Nimekuja tu kwa sababu siku ile hakuna mtu aliyekuja kwangu kuniambia, mama, inaruhusiwa kusema hapana."

* * *

Kituoni, Mbaraka hakuruhusiwa kumpima mwanawe, naye alishukuru. Aliyekaa upande wa pili wa meza alikuwa Hilda Mntambo, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye mpaka leo humwita Mwalimu na kumfungulia mlango. Hilda alimvalisha Stumai taji kwa mikono miwili, polepole, akimwambia kila anachotaka kugusa kabla ya kukigusa. Mbaraka ndiye aliyemfundisha hivyo.

"Shikamoo," alisema Stumai, macho mezani.

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Shanga ya tatu inabana."

Hilda akailegeza. Wakaanza. Wakaongea habari ya kamba, na hapo Stumai aliongea kama maji. Alieleza kwa nini nyuzi nane hukatika na tisa hazikatiki, kwa nini fundo lazima lirudi lilikotoka, na kwa nini kishada kilichoanguka Januari kule Soni kilianguka, jambo ambalo mafundi walikuwa hawajalijua bado. Namba kwenye kioo cha mashine ilipanda. Arobaini na nne. Hamsini na tano. Sitini na mbili! Mbaraka, kwenye kiti cha wazazi, alijikuta ameng'ang'ania magoti yake. Binti yangu, alijisemea, tazama binti yangu.

Kisha Hilda akauliza, "Na ukiwa na njaa, Stumai, unafanyaje?"

Stumai aliigusa shanga ya tatu.

"Zena ananiambia," alisema Stumai.

"Na kama Zena hayupo?"

"Zena yupo."

"Tuseme amesafiri."

"Hajasafiri. Yuko nje, kwenye benchi. Ana mkoba wa kahawia." Mikono ya Stumai ilianza kukunja na kukunjua ncha ya gauni, na pumzi ikawa fupi. Hilda hakuendelea. Namba ilishuka, ikayumba, ikatulia kwenye hamsini na tano. Robo saa ilikuwa imekwisha.

Hilda alimgeukia Mbaraka. Uso wake ulikuwa umejaa furaha aliyojaribu kuificha, maskini, kwa kuwa hesabu ni rahisi. Hamsini na tano na sita ni sitini na moja. Alivuta kipaza sauti cha kiapo.

"Mzazi, Mbaraka Shemndolwa. Je, mtoto huyu amefunzwa kushusha macho mbele ya mkubwa?"

Ndilo swali lake mwenyewe, neno kwa neno. Na jibu la kweli lilikuwa ndiyo.

Ilikuwa ndiyo kuliko kwa mtoto mwingine yeyote aliyewahi kupita pale. Kwa maana Stumai hakuzaliwa anaogopa macho ya watu. Alipokuwa mdogo alikuwa anatazama! Alikuwa anakukazia macho mawili meusi, makavu, hapepesi, mpaka unasahau ulichotaka kusema. Alimtazama baba yake hivyo kila jioni alipotoka kazini, dakika nzima, na Mbaraka alikuwa akichuchumaa mlangoni na viatu vyake ili atazamwe vizuri. Ilikuwa ndiyo salamu yao.

Kisha mama yake Stumai alifariki, na mtoto wa miaka sita akakaa kwenye mkeka wa msiba akiwakodolea macho mashangazi waliokuwa wanalia. Hakudondosha chozi. Wakaanza kunong'ona. Mtoto gani huyu, anamtazama mtu mzima kama anamhukumu? Shangazi mkubwa alisema kwa sauti, "Mbaraka, huyu hukumfunza." Na Mbaraka, aliyekuwa amechanganyikiwa kwa uchungu, na haya zimemjaa mbele ya watu, aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto akakiinamisha. "Macho chini, mwanangu." Kikainuka. Akakiinamisha tena. Arobaini yote alifanya hivyo, mpaka kichwa kilipoacha kuinuka. Na tangu siku ile, miaka kumi na miwili, Stumai hakumtazama tena mtu usoni, na baba yake akiwa mmoja wao.

Kwa hiyo, ndiyo. Aseme ndiyo, Stumai atie sahihi yake mwenyewe, aende Tanga akasuke kamba za kushika upepo, afunge mlango wake na kuufungua na kuutangazia ulimwengu kwamba kumekucha. Na siku thelathini baadaye Zena apakie mkoba wake wa kahawia. Na halafu liwe jino, au uji wa moto, au jua, au siku nane za mtu kuulizwa mzima na kujibu mzima.

"Mwalimu?" alisema Hilda.

Watu kwenye benchi la nyuma walikuwa wanasikiliza. Mmoja alikuwa jirani yake, mwingine wanasali pamoja msikitini.

"Hapana," alisema Mbaraka.

Hilda alidhani hakusikia. "Samahani, nirudie swali?"

"Umeliuliza vizuri. Hapana. Sikumfunza. Mama yake alikufa mapema, nami nilikuwa na kazi. Mtoto huyu hajawahi kufunzwa adabu. Ndivyo alivyo."

Benchi lilivuta pumzi. Haya zilimpanda Mbaraka mpaka masikioni, na alizikaribisha, aliona ni malipo kidogo sana. Alikuwa amemtazama Hilda ili asimtazame mwanawe.

"Unaapa, Mwalimu?" Hilda alikuwa ameshikilia kidole juu ya kitufe. Alikuwa amekula kwenye nyumba ile. Alimjua Stumai tangu yuko shule. "Fikiri. Tafadhali. Ukiapa, naifunga."

"Naapa."

Hilda alibonyeza. Shanga zote arobaini za taji zilibadilika rangi kwa pamoja, kutoka buluu kuwa nyekundu. Namba ilifungwa.

Stumai alikuwa amenyoosha kidole. Sijui alikinyoosha tangu lini, pengine tangu lile neno hapana la kwanza. Alikuwa amekaa wima, mkono juu, anangoja wakubwa wamalize kuzungumza. Alipoona wamenyamaza, akasema:

"Baba, ulinifunza."

Chumba kizima kilimgeukia.

"Ilikuwa Alhamisi. Nilikaa kwenye mkeka wa kijani. Shangazi Mwanakheri alisema hukunifunza, halafu ukanifunza. Uliniweka mkono hapa." Akagusa utosi wake, juu kidogo ya shanga nyekundu. "Mkono ulikuwa unanukia ubani. Ulisema macho chini, mwanangu. Ulisema mara mia mbili na kumi na sita. Nilijifunza. Mimi nina adabu."

Kisha akaelekeza kidole kwenye kioo cha mashine.

"Andika," alimwambia Hilda, kwa upole kabisa. "Baba amesahau."

Hilda alivitazama vidole vyake. Kisha akamtazama mwalimu wake, na macho yale Mbaraka hatayasahau, kwa kuwa hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanaomba. Lakini kioo kilikwisha kuandika MSONJI kwa herufi kubwa, na wote wawili walikijua kile kifungu kwa moyo, kwani mmoja alimfundisha mwenzake: kauli ya aliye chini ya mstari haiandikwi.

"Siwezi, mama," alisema Hilda. "Sasa siwezi tena."

"Nilingoja mmalize," alisema Stumai. "Usimkatize mkubwa."

* * *

Njia nzima ya kurudi Stumai alitembea katikati, Zena kushoto, baba kulia. Zena alimshika mkono na kumwambia, kunywa maji, akanywa. Zena alikuwa amebaki, na furaha ya kubaki ilikuwa imemkaa vibaya mwilini kama nguo ya kuazima, hakujua aiweke wapi. Mbaraka alitaka mtu amtukane. Hakuna aliyemtukana. Jirani yule wa kwenye benchi aliwapita na kusema poleni, kama watu waliotoka kuzika.

Kitasa lazima kitoke siku ile ile, karatasi ya kituo ilisema hivyo, na ikipita siku moja wanatuma fundi wao. Mbaraka hakutaka mikono ya mgeni kwenye mlango wa mwanawe. Alichukua bisibisi, akapiga magoti mbele ya chumba. Alikifunga kitasa kile mwenyewe miaka mitano nyuma, na siku ile Stumai alikifunga na kukifungua mara hamsini, akicheka kile kicheko chake cha kwikwi. Skrubu ya kwanza ilikataa, akailazimisha. Ya pili ikatoka.

Stumai alisimama nyuma yake anatazama mikono inavyofanya kazi. Alikwisha kuvua ugwe shingoni. Ufunguo aliuweka sakafuni, karibu na goti la baba, na ugwe akabaki nao.

"Stumai." Mbaraka hakugeuka. "Nisikilize, mwanangu. Nilitaka uwe na Zena. Nilitaka uwe hai. Nisingeweza... Abeid, unamkumbuka Abeid? Niliogopa. Baba yako aliogopa, basi."

"Zena yupo," alisema Stumai.

"Zena yupo, ndiyo."

"Karakana watapata mtu mwingine."

"Watapata." Aliigeuza bisibisi. "Hatajua kusuka kama wewe."

"Hatajua," alikubali Stumai. Akafikiri kidogo. "Ulisema hukunifunza."

"Nilisema."

"Uliapa."

"Niliapa, mwanangu."

"Sasa imeandikwa kwamba sikufunzwa."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Alimsikia anasogea. Stumai alizunguka, akaja kuchuchumaa mbele yake pale kizingitini, uso kwa uso, kama yeye alivyokuwa akichuchumaa zamani na viatu vyake. Halafu akainua kichwa. Aliinua polepole, kidevu kwanza, kama mtu anayejaribu mguu uliofungwa plasta muda mrefu, na akamtazama.

Yalikuwa macho ya marehemu mama yake. Mbaraka alikuwa amesahau kabisa kwamba ni ya mama yake. Meusi, makavu, hayapepesi, na hayakuwa na kisasi hata chembe, yalikuwa yanamtazama tu kwa sababu baba alikuwa ameapa kwamba hakuna aliyewahi kuyakataza. Miaka kumi na miwili alikuwa anayaomba macho haya kila sala. Alitaka kuyatazama dakika nzima kama zamani. Aliweza kuhesabu mpaka tatu.

Kisha akashusha macho yake mwenyewe. Skrubu ya mwisho ilimponyoka ikalia sakafuni, akainama kuitafuta, na akakaa anaitafuta muda mrefu ingawa ilikuwa hapo hapo karibu na kidole chake cha mguu.